Kompyuta Haijazeeka, Imelemewa

Kompyuta ikichukua dakika tatu kuwaka, fundi, muuzaji na jirani wana jibu moja: imezeeka, nunua nyingine. Jibu hilo nalipinga waziwazi. Mara nyingi si kweli, na anayelilipia ni mwenye steshenari au mwalimu mkuu ambaye mashine yake bado ni nzima.

Mwaka 2008, mjini Portland, Marekani, Arjan van de Ven na Auke Kok wa Intel waliwaonyesha wenzao Asus Eee PC, kompyuta ndogo ya bei nafuu yenye prosesa dhaifu ya Atom. Ikiwa na Fedora, mfumo endeshi wa Linux, kama inavyotolewa, ilichukua sekunde 45 kuwaka. Wao waliiwasha kwa sekunde 5, prosesa ikiwa ileile. Kwanza walipanga bajeti: sekunde moja ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), moja ya maandalizi, moja ya mfumo wa picha, mbili za skrini ya kazi. Kisha kila programu iliyojitokeza mwanzoni ikabidi ijieleze. Sekunde mbili zilikuwa zikiishia kwa Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe ambayo mwenye kompyuta ya mkononi karibu hana kazi nayo. Mfumo wa picha nao ulikuwa unakokotoa upya mpangilio wa kibodi kila kompyuta inapowashwa, wakati vitufe ni vilevile vya jana!

Wapo watakaosema kosa ni la diski. Ni kweli, kichwa cha diski ya kuzunguka huhitaji takriban milisekunde 10 kulifikia faili, kwa hiyo faili elfu moja zilizotawanyika hula sekunde 10. Ukiweza, weka SSD, diski isiyozunguka, maana bei yake haikaribii ya mashine mpya. Lakini nani aliyeamua faili elfu moja zisomwe kabla hujafungua hata barua moja? Diski haikuamua. Aliamua mwandishi wa programu.

Nguvu ya mashine haiponyi uzembe huo. Mwaka 2021 mtaalamu anayejiita t0st alichunguza kwa nini mchezo wa kompyuta wa GTA Online ulikuwa ukikawia kufunguka hata kwenye kompyuta nzuri. Akakuta unasoma orodha ya megabaiti 10 kwa njia mbovu, ukirudia kuhesabu herufi zilezile kwa kila kipengele. Alipoirekebisha, muda ulipungua kwa takriban asilimia 70, na watengenezaji wa mchezo, Rockstar, wenyewe wakatoa marekebisho.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, mwenye Windows abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, afungue sehemu ya Startup. Atakuta programu ya mikutano, ya muziki, ya printa aliyokwisha kuigawa, zote zimejipa ruhusa ya kuamka pamoja na kompyuta. Azizime, awashe upya.

Ila usafi huo haupaswi kuwa mzigo wa mtumiaji peke yake. Wanaotengeneza mifumo Nairobi na Dar es Salaam waijaribu kwenye kompyuta za RAM ya GB 4 kama zilizoko kwenye ofisi za kata, si kwenye mashine zao za kazi tu. Na halmashauri inayonunua mfumo iandike ndani ya mkataba: utafunguka kwa sekunde ngapi, kwenye kompyuta tulizonazo sasa.