Sikio Moja Linapoziba Ghafla

Mtu hulala akiwa mzima, alfajiri akaamka sikio moja limeziba. Wengine huona kizunguzungu, wengine hubaki na mvumo usiokoma. Nyumbani husemwa ni taka za sikio, au ni mafua yamepanda kichwani. Hutiwa mafuta ya uvuguvugu, huchokolewa kwa njiti yenye pamba, na siku zikapita. Siku hizo ndizo alizohitaji kuwa hospitalini.

Kuziba kwa sikio kuna namna mbili. Huenda njia imezuiwa na taka au usaha, sauti isifike ndani. Huenda pia njia ni wazi, ila sikio la ndani, lile lililojiviringa kama konokono, au mshipa wake wa fahamu, umeacha kufanya kazi. Kuna jaribio jepesi lisilohitaji chombo. Mgonjwa afumbe mdomo, atoe mlio wa "mmm" kwa pua. Akiusikia zaidi katika sikio lililoziba, aghalabu ni njia. Akiusikia zaidi katika lile zima, yamkini ni sikio la ndani, naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Jaribio hili halishiki nafasi ya daktari. Hukata tu ubishi wa nyumbani, ambao mara nyingi ndio uchelewao kuliko gari.

Sababu ya uziwi huu kwa wagonjwa walio wengi haijulikani hata baada ya uchunguzi. Baadhi yao hupona bila dawa, na hapo ndipo penye mtego, kwani jirani aliyepona hivyo hugeuka mshauri wa mtaa mzima.

Dawa itumiwayo ni ya jamii ya steroidi. Kwa kawaida ni vidonge, mathalani prednisoloni, vinavyofaa kuanzwa ndani ya majuma mawili ya kwanza, kwa amri ya daktari. Lakini vidonge hivyo hupandisha sukari mwilini. Kwa mwenye kisukari, na kwa yule ambaye vidonge havikumsaidia, iko sindano ya sikioni. Daktari hukitia ganzi kiwambo cha sikio, akipenya kwa sindano nyembamba, akaacha nyuma yake deksamethasoni au methiliprednisoloni isiyofikia hata mililita moja. Mgonjwa hulala ubavu, sikio juu, muda wa nusu saa hivi, asiseme wala asimeze mate, dawa isije ikateremkia kooni kabla ya kupenya sikio la ndani. Maumivu hupita upesi. Kwa wachache, tundu la kiwambo hukawia kufunga.

Mwaka 2011 Marekani ilitolewa taarifa ya wagonjwa 250. Waliomeza vidonge walirudishiwa wastani wa desibeli 30.7 za usikivu. Waliopigwa sindano nne katika majuma mawili, desibeli 28.7. Sindano, basi, haikuachwa mbali. Ni haki kuongeza kwamba hapakuwa na kundi lililokosa dawa, hivyo haikubainika ni nafuu kiasi gani ingekuja yenyewe.

Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2019 unashauri sindano kwa wasiopona kikamilifu, kati ya juma la pili na la sita tangu uziwi kuanza. Anayefika mwezi wa tatu, aghalabu humkuta daktari amebakiwa na kumpimia chombo cha kusaidia kusikia.