Meza ya Watoto Siku ya Noeli

Twamjua mama asiyealika watoto Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana, kwa kuwa hana tanuri ya kuokea keki. Twamwambia, asione haya. Na achemshe lita 1 ya maziwa, atie sukari na unga wa kastadi uliovurugwa kwa maziwa baridi, akoroge mpaka yawe mazito, kisha yapoe. Bakulini apange biskuti, juu yake ndizi mbivu zilizonyunyiziwa ndimu zisiwe nyeusi, kisha maziwa yale. Arudie hata bakuli lijae. Likae muda wa saa 2, biskuti zilainike. Vyote viliwe siku ile ile, maana maziwa huharibika upesi katika joto. Naye mtoto wa jirani apewe sawasawa na wa nyumbani.