Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lakini Mgeni Yupi?

Kila jioni baada ya sala ya Isha, kwenye baraza moja ya Mji wa Kale hapa Mombasa, sisi wazee hukutana tukanywa kahawa chungu na kuzungumza mambo ya ulimwengu. Siku hizi hakuna lawama inayorudiwa pale kuliko hii: kwamba vijana wetu wameacha kuuliza wazazi wao, na badala yake huwauliza kwa simu watu wasiowajua, ambao hawajapata kuwaona hata siku moja. Mimi nilikuwa mmoja wa walalamishi hao, na sauti yangu haikuwa ndogo. Leo napenda kumweleza msomaji kwa nini nimeipunguza.

Alfajiri moja mkwe wangu alijaaliwa mtoto wa kiume, na jioni yake tukarudi nao nyumbani. Usiku, kabla mtoto hajatimiza siku moja duniani, mama yake akaona macho na uso wake vimegeuka rangi ya manjano. Nilipoulizwa nilijibu kama alivyokuwa akijibu marehemu mama yangu: "Si kitu hicho. Kesho asubuhi muwekeni juani kidogo."

Mkwe wangu alininyamazia kwa heshima, akaingia chumbani, akaandika swali lake katika kundi moja la WhatsApp la akina mama. Majibu yakamiminika. Mmoja alisema awekwe juani, kama nilivyosema mimi. Wa pili alisema anyweshwe maji ya glukosi. Wa tatu alisema mtoto amepigwa jicho, asomewe. Wa nne alikuwa na dawa ya kuuza, na bei akaitaja. Kisha akatokea mmoja ambaye hakujibu kitu, bali aliuliza: Mtoto ana saa ngapi tangu azaliwe? Ananyonya? Wewe mama damu yako ni kundi gani? Alipokwisha kujibiwa ndipo aliposema kuwa yeye ni muuguzi, na kwamba umanjano wa siku ya kwanza haungojewi mpaka asubuhi. "Mpelekeni hospitali sasa hivi," aliandika. Nambari yake ilianza na 968, ambayo ni ya Oman. Jina hakuliweka, na mahali pa sura palikuwa na ua la waridi.

Tulipanda tuktuk usiku ule ule. Daktari alikuta kwamba damu ya mama ni kundi O na ya mtoto ni kundi A, na zilikuwa zimepingana. Mtoto akalazwa chini ya taa za mwanga wa buluu kwa siku kadhaa. Tulielezwa kuwa rangi ile ikizidi katika damu huweza kuingia ubongoni, mtoto akapoteza kusikia au viungo vyake vikaharibika. Tena jua la uani haliwezi kushika mahali pa taa zile. Alhamdulillahi, leo mtoto anatambaa na kuvuta kikoi changu.

Basi, ndugu msomaji, mimi mzee wa baraza nilikosea, na mgeni asiye na jina akapata. Lakini katika kundi lile lile walikuwamo wageni wengine ambao, lau wangesikilizwa, pengine tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Ndiyo maana naona kuwa swali letu la kila jioni, kama ni vizuri au vibaya kuwauliza wageni, si swali lenyewe. Lililo muhimu ni kujua mgeni yupi wa kusikilizwa.

Kwanza tukubali kwa nini watu huwaendea. Baraza yetu tunayoisifu ni ya wanaume. Mwanamke hakai pale. Mambo ya mimba, ya unyumba, ya deni lililofichwa au ya hofu ya usiku hayasemeki mbele ya wajomba na mashemeji, kwa kuwa siri ikitoka Kibokoni asubuhi, jioni imeshafika Lamu. Na binti aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, akanyang'anywa pasipoti, atamwuliza nani usiku wa manane kama si mwenzake aliyepitia njia ile? Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, mlango huo uko wazi, wala hautafungwa kwa lawama zetu.

Wala kumwuliza mtu wa mbali si jambo geni kwa Waislamu. Gazeti la Al-Manar, lililoanzishwa na Rashid Rida mjini Cairo mwaka 1898, lilikuwa likijibu masuala ya wasomaji kutoka nchi nyingi za mbali. Fikra zake zilifika hata kwetu, kwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa hapa Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Lakini tazameni tofauti. Wakati ule aliyeuliza aliweza kuwa mgeni, ila aliyejibu alikuwa akijulikana: jina lake liko pale, na akikosea atasahihishwa kwa jina hilo. Leo wote wawili wako nyuma ya pazia. Tangu mwaka 2022 kundi moja la WhatsApp laweza kuwa na watu 1,024, na anayekosea hatoki hata jasho. Kampuni yenyewe ililazimika kupunguza kusambazwa kwa ujumbe, mwaka 2019 na tena mwaka 2020 wakati wa Korona, kwa sababu ya uvumi uliokuwa ukienea.

Kwa hiyo mizani tuishike wenyewe. Surat Al-Hujurat imetuamrisha kuipeleleza habari kabla ya kuifuata, na amri hiyo haikuisha kwa kuja simu. Mimi naona alama tatu. Ya kwanza, mjuzi huuliza kabla ya kujibu, kwani hakuna dawa ya mgonjwa asiyeulizwa hali. Ya pili, mjuzi haoni haya kusema "sijui". Imepokewa kuwa Imamu Malik aliyajibu masuala mengi kwa neno hilo, naye ni Imamu Malik. Ya tatu, mjuzi hukuelekeza kwa mwingine aliye karibu nawe: daktari, kadhi, wakili. Yule anayekuita kando mzungumze peke yenu, kisha akataja pesa au nambari ya siri ya M-Pesa, huyo mfungie mlango.

Nasi wazee tujitazame. Mtoto akituletea hofu yake, je, humwuliza kwanza, au humkatiza kwa jibu la tangu zamani? Mkwe wangu hakunikimbia kwa utovu wa adabu. Alikwenda kutafuta mtu wa kumwuliza mtoto ana saa ngapi, nami babu yake sikumwuliza hilo.

Juzi aliniuliza kama mtoto aweza kupewa asali. Nilimwambia sijui, tumwulize daktari.