Msomi Asiyeinama

Katika miaka yangu ya kufundisha kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili nimeagana na walimu wenzangu wengi waliokwenda kusomea shahada ya uzamili katika elimu maalumu. Waliorudi kitengoni nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wako maofisini, wengine ni wahadhiri, wengine wamo kwenye miradi. Siwaonei kijicho. Ninachogombana nacho ni elimu yenyewe, ambayo kila inapopanda ngazi humwacha mtoto chini.

Mtoto ninayemsema ni yule mwenye ulemavu mkubwa: hasemi, hakai bila kuegemezwa, analishwa, na ana miaka kumi na miwili bado anavalishwa nepi. Wapo wasemao kwamba huyu anahitaji huruma na uvumilivu tu. Huo ni uongo mtamu. Huruma haikuambii kwamba ukimlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo huku kichwa kimelala nyuma, uji unaweza kuingia njia ya hewa ukafika mapafuni. Huruma haikufunzi kwamba jicho linaloganda kwenye kikombe ni neno, na kwamba anayejipiga kichwa huenda anasema jambo asilo na njia nyingine ya kulisema. Wala haikuonyeshi namna ya kuigawa kazi ya kunawa mikono katika hatua kumi ndogo, ukajua ni ipi iliyomshinda. Hayo ni maarifa, tena mazito, nayo ndiyo yanayostahili kuitwa ya uzamili.

Badala yake mwalimu wetu anafanya nini huko? Anasikiliza mihadhara, anagawa dodoso kuhusu mitazamo ya walimu, anaandika tasnifu, anavaa joho. Namjua mhitimu aliyemaliza masomo hayo, chuo sikitaji, bila kumlisha wala kumkalisha mtoto hata mmoja.

Nitajibiwa kwamba uzamili ni wa utafiti, na kazi ya mikono ni ya ngazi ya cheti na stashahada. Hapo ndipo tulipopotea. Hivi daktari anayesomea ubingwa, ambao kwetu Tanzania nao ni shahada ya uzamili, anausomea wapi? Anausomea wodini, kando ya kitanda, chini ya jicho la bingwa aliyemtangulia. Tasnifu anaandika, lakini wagonjwa hawakimbii. Nani angekubali kupasuliwa na daktari aliyehitimu kwa dodoso? Mbona basi tunakubali kwa watoto hawa? Au ni kwa sababu hawawezi kulalamika?

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu chake cha 24 kinataka walimu wafunzwe njia mbadala za mawasiliano na mbinu za kufundishia zinazowafaa wanafunzi hawa. Mbinu haisomwi kwa kusimuliwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtoto wetu yuko mkekani.

Kwa hiyo nasema wazi: mwanafunzi wa uzamili akae mwaka mzima na watoto walewale, chini ya mwalimu aliyebobea. Wakati wa mtihani watahini waje darasani wakae chini, wamwone akifanya kazi. Tasnifu yake ieleze ni kitu gani mtoto fulani hakukiweza Januari na sasa anakiweza, na ni mwalimu aliyefanya nini. Akishahitimu, apandishwe daraja na mshahara akiwa papo hapo kitengoni, asilazimike kulikimbia darasa ili watoto wake mwenyewe wale. Bila hilo la mwisho, hayo mengine yote yatazidi kutuzalishia wakubwa wa ofisi, na mama wa mtoto yule ataendelea kuambiwa kwamba wataalamu wapo, ila hawapo shuleni.