Rais Msanii? Sisi Tuna Swali Moja

Umeme ukikatika huku Rusizi na simu zimeisha chaji, tunabaki na stori tu. Ng'ambo ya mto taa za Bukavu zinaonekana, kila mtu anatafuta upande wa kwao. Wiki jana stori ilikuwa hii: kama wanamuziki ndio wangetuongoza, rais angekuwa nani? Ilianza kama mchezo, ikaisha watu wamenuniana.

Mmoja alimtaka Innoss'B kwa sababu ni mtoto wa Goma. Mwingine akasema Fally Ipupa, angalau serikali ingevaa vizuri. Papa mmoja aliyekuwa anangoja bidoni yake ijae akatusikia, akacheka: "Nyinyi watoto, mnachagua rais ao mnachagua mtu wa kuimba kwenye harusi?"

Tukaona tuliandike.

Jameni, hii si ndoto. Imeshafanyika jirani hapa. Uganda, Bobi Wine, kijana wa Kamwokya, aliingia bungeni 2017 kama mgombea binafsi. 2021 akagombea urais. Matokeo rasmi yalimpa asilimia 35 hivi, naye akayakataa. Tanzania, Sugu alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini toka 2010 hadi 2020, na 2018 alihukumiwa miezi 5 jela kwa maneno ya jukwaani juu ya Rais. Profesa Jay, aliyemcheka mwanasiasa wa ahadi nyingi kwenye "Ndio Mzee", naye akawa mbunge wa Mikumi 2015. Kwetu Kongo, Tabu Ley alirudi kutoka uhamishoni Mobutu alipoanguka 1997, na 2005 akawa naibu gavana wa Kinshasa.

Kwa hiyo uwezo upo. Msanii anajua kuongea na mtu ambaye hakusoma, na wengine wamelipa kwa kulala jela. Hatuwadharau.

Lakini kuna jina moja lililotunyamazisha: Jaguar. Wengi wetu tulicheza "Kigeugeu" tukiwa watoto. 2017 watu wa Starehe, Nairobi, walimchagua mbunge. Juni 2019 akatishia hadharani kwamba wafanyabiashara wageni, wakiwemo Watanzania na Waganda, wasipoondolewa ndani ya saa 24 watapigwa na kutolewa. Serikali ya Kenya ilijitenga na maneno hayo, polisi wakamkamata. Sasa fikiria: wimbo wake ulivuka mipaka yote, tukaupokea bila kuuliza karatasi. Yeye alipopata kiti, akauliza karatasi.

Hesabu yake tunaielewa. Mgeni hana kura, kumtukana hakugharimu kitu. Sisi hatupigi kura hapa kwa sababu ni wageni. Na Kongo walipopiga kura Desemba 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kwa sababu ya vita, na wakimbizi wa huku hatukuwekewa sanduku. Ndiyo maana swali letu ni moja tu: huyu mtu anamtendeaje yule asiyeweza kumpigia kura?

Swali hilo linapima wengi. Sisi Wakongomani tunajua libanga: mwenye pesa analipa, jina lake linatajwa ndani ya wimbo. Hata Franco, mkubwa wetu, 1984 alitoa wimbo mzima wa kumpigia Mobutu kampeni. Aliyezoea kutaja wanaolipa, siku akiwa waziri atamtaja nani? Mama aliye kwenye foleni ya unga?

Na kwenye ardhi hii ya Rwanda, sauti ya msanii haiwezi kuwa mchezo tu. Simon Bikindi alikuwa mwimbaji mashuhuri. Desemba 2008 mahakama ya Arusha ilimhukumu miaka 15 kwa kuchochea mauaji ya kimbari: Juni 1994 alipita barabarani akitangaza kwa kipaza sauti kwamba Watutsi wauawe. Kabla ya kumpa mtu kipaza sauti, ni lazima kujua anamwonaje jirani yake.

Basi tukaweka wagombea wetu wawili. Wote wameshafariki, hawatatuangusha. Wa kwanza ni Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyehamia Dar es Salaam 1978. Aliwaimbia maskini, na watu walipoona aibu kutaja Ukimwi yeye akatoa "Mambo kwa Soksi" kuhusu kondomu. Redio ya taifa ikakataa kuupiga. Leo Dar kuna sehemu inaitwa Sinza kwa Remmy. Mtu wa Kindu, na kituo cha basi kina jina lake! Wa pili ni Miriam Makeba. 1960 nchi yake ilimfungia pasipoti alipotaka kurudi kumzika mama yake, akaishi uhamishoni miaka 30 hivi. 1963 alieleza ubaguzi wa rangi mbele ya Umoja wa Mataifa, baadaye akawa mjumbe wa Guinea hukohuko. Waziri wetu wa mambo ya nje ndiye huyo.

Sasa turudi kwetu. Karibuni tunachagua mwakilishi wa vijana. Mara iliyopita, tuseme ukweli, tulimchagua mwenzetu kwa sababu anarapu vizuri. Wasichana walipolalamika kwamba njia ya kwenda bombani haina taa, walimtafuta wiki tatu. Hakuwa mtu mbaya. Ni sisi tuliopiga makofi bila kumuuliza chochote.

Na kuna kitu kinatuuma zaidi. Waliofika juzi, ambao bado hawajaandikishwa, hawapigi kura kwenye uchaguzi wetu. Tunawaita "wapya". Kwenye foleni ya maji tunawasukuma nyuma, kwenye hangari wanalala karibu na mlango. Tumemsema Jaguar sana, kumbe naye yuko hapa na bidoni mkononi.

Kwa hiyo safari hii, kabla mgombea hajaimba, atuambie amewafanyia nini hao wapya, na wazee wasiotoka kitandani. Na nyinyi wa mashirika mnaotusoma: kila 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, mnatupa mikrofoni tuimbe. Asanteni, tunaipenda. Tupeni pia siku ile mnayopanga taa ziwekwe wapi.

Yule papa wa bidoni tumemwomba asimamie maswali siku ya kura. Amekubali, ila amesema muziki upigwe baada ya kuhesabu.