Baba ana VVU, mama hana: mtoto anapatikana, ila kipimo kwanza

Mume ana VVU, mke hana, na wote wanataka mtoto. Zamani wengi waliambiwa watumie kondomu maisha yote, habari ya mtoto wasahau. Wenye uwezo walilipia mbegu zisafishwe maabara.

Mambo yamebadilika. Mwaka 2011, utafiti wa HPTN 052 uliohusisha jozi 1,763 za wenza katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa kuanza ARV mapema kunapunguza maambukizi kwa asilimia 96. Julai 2023, Shirika la Afya Duniani likasema wazi: anayemeza dawa vizuri hadi virusi havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono.

Kwa hiyo mimba inaweza kutungwa kwa njia ya kawaida. Na mama akibaki bila VVU, mtoto naye yuko salama.

Neno zito hapo ni kipimo. Kujisikia mzima hakutoshi. Bila majibu ya wingi wa virusi, wenza wanabahatisha. Ndiyo maana Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, pigo halikuwa kwa dawa tu. Fedha hizo zilibeba sehemu kubwa ya huduma za VVU Afrika Mashariki, maabara zikiwemo.

Serikali zinazoziba pengo hilo zisinunue vidonge zikasahau kipimo. Nao wenza wasiache kondomu kabla majibu hayajatoka, na mke aulizie dawa kinga, PrEP, kliniki.