Ukishika hitilafu, usiifute nyayo

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, na chanzo ni herufi mbili tu: ex.

Kulikuwa na duka la jumla ambalo programu yake ya mauzo ilikuwa ikipoteza risiti, tatu au nne kwa siku. Pesa zikihesabiwa jioni hazilingani na kompyuta, na keshia alikuwa ameanza kukatwa mshahara. Programu iliandikwa kwa C#. Faili ya kumbukumbu ilisema jambo lile lile kila siku: kitu fulani hakipo, mstari wa 212. Tukafungua mstari wa 212. Tukakuta "throw ex;" na basi.

Kwa wasioandika programu: methodi huita nyingine, nayo ikaita nyingine. Hitilafu ikitokea chini kabisa, hurushwa juu ikiwa na orodha ya miito iliyopitia. Hizo ndizo nyayo. Aliye juu anaweza kuishika kwa "catch", akaandika ujumbe, kisha akairusha tena. Katika C#, "throw;" peke yake huiacha iendelee na nyayo zake. Ukiandika "throw ex;" orodha inaanza upya hapo ulipo, kana kwamba hitilafu ilizaliwa mikononi mwako. Siku hizi .NET hutoa onyo CA2200 kwa kosa hili. Aliyetutangulia alikuwa amelizima!

Waliotoka Java ndio hunaswa zaidi, maana kule nyayo hurekodiwa hitilafu inapoundwa, kwa hivyo kuirusha tena hakuzifuti. Dhambi ya Java ni nyingine: kuunda hitilafu mpya, kunakili ujumbe wa ile ya kwanza, na kuitupa yenyewe. Tangu Java 1.4 ya mwaka 2002 unaweza kuiweka ya zamani ndani ya mpya kama chanzo chake. Python 3 nayo ina "raise ... from" tangu 2008. Sioni kisingizio.

Lakini maoni yangu ni makali kuliko hayo. "Catch" nyingi ninazokutana nazo hazifai kuwepo kabisa. Haziponyi chochote, zimewekwa kwa woga, mkubwa asije akaona maandishi mekundu. Kama huna dawa, iache ipite. Ishike mara moja, kule juu karibu na mtumiaji, uiandike yote ilivyo. Kuifunga ndani ya hitilafu nyingine ili sehemu ya mauzo isijue habari za hifadhidata, hilo sawa, mradi ile ya asili imo ndani.

Tulifuta "ex" mahali 41. Kesho yake saa nne asubuhi nyayo zikatupeleka moja kwa moja kwenye methodi ya kutafuta bei ya bidhaa zinazopimwa kwa kilo. Kuirekebisha kulichukua dakika kumi.

Pesa za keshia, mara ya mwisho nilipouliza, zilikuwa bado "zinashughulikiwa".